Jua Hili Latoka Wapi?

Mkutano ulifanywa barazani kwa jirani yetu mmoja, baada ya sala ya alasiri, katika mtaa mmoja wa zamani hapa kisiwani Mombasa. Tuliitwa tuonyeshwe jengo. Jengo lenyewe bado halipo. Kiwanja chake mpaka leo ni majani na paka. Lakini picha yake ilikuwapo, imepigwa chapa juu ya karatasi yenye upana wa mkeka. Ilichorwa kama aonavyo kunguru akiwa juu ya mapaa yetu upande wa kusini: ghorofa kumi, kuta nyeupe pepepe, vioo vya rangi ya bahari, na chini yake, katika uchochoro wetu, wapita watu waliovaa makoti. Msikiti wa mtaa nao ulionekana pembeni, umetakata kuliko ulivyopata kutakata tangu ujengwe.

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Vijana waliipiga picha ile picha kwa simu zao. Ndipo bibi mmoja, ambaye nyumba yake imepakana na kiwanja kwa upande wa kusini, alipojivuta karibu, akaikodolea macho kwa muda, akauliza: "Mwanangu, jua hili latoka wapi?"

Watu wakacheka. Kijana aliyeichora picha, naye ni mwana wa mtaani, akajibu kwa adabu, "Bibi, ni jua tu."

Bibi hakucheka. "Hakuna jua tu," akasema. "Miezi ya kusi jua huwa huko barabarani, na kivuli huja kwangu. Nyinyi kivuli mmekipeleka barabarani, na uwa wangu mmeutia mwanga nisioujua. Mkishajenga, mwanga huo mtaniletea?"

Baraza ikanyamaza. Nami nataka leo niliazime swali la bibi huyo, kwa kuwa naliona ni kubwa kuliko uwa wake. Pande zote za nchi yetu mabango ya majengo ambayo hayajazaliwa yamesimama kandokando ya njia. Watu hutoa akiba zao wakanunua nyumba kwa kuitazama picha. Majirani huulizwa rai yao kwa kuonyeshwa picha. Wakubwa wa mipango miji hutia sahihi huku picha iko mezani. Picha ya sura ya nje ya jengo imekuwa shahidi, na shahidi yafaa aulizwe alikuwa wapi siku hiyo, saa ngapi, na jua lilikuwa upande gani.

Kuchora nyumba kabla ya kujengwa si jambo la jana. Katika zama za wino na rangi za maji, wanafunzi wa usanifu wa majengo huko Ufaransa walifundishwa kutia vivuli kana kwamba jua liko juu, upande wa kushoto, na mwale wake katika mchoro washuka kwa digrii 45. Ilikuwa kanuni ya darasani, ili mwalimu apate kukisia kina cha nguzo na dirisha kwa kipimo kimoja. Kanuni hiyo ilitoka darasani ikapanda meli, ikaenea duniani. Hata hivi leo utamkuta mchoraji ambaye mkono wake hulitia jua kushoto, na ukimwuliza sababu hana.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1974 Edwin Catmull, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Utah huko Marekani, alionyesha katika tasnifu yake namna ya kuibandika picha juu ya uso uliopinda, mfano wa kitambaa juu ya kiti. Mwaka 1978 James Blinn akaonyesha namna ya kuufanya uso laini uonekane una mikunjo na makwaruzo. Mwaka 1980 Turner Whitted akaeleza jinsi ya kuufuata mwale mmoja mmoja, upitapo kwenye kioo na ukingwapo ukaacha kivuli. Mwaka 1984 wataalamu wa chuo kikuu cha Cornell wakakokotoa mwanga urukao kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, na mwaka 1986 James Kajiya akayakusanya mambo ya nuru katika mlinganyo mmoja. Leo kijana wa mtaani kwetu, akiwa na kompyuta ya mkononi na kikombe cha kahawa tungu, afanya kwa usiku mmoja kazi ambayo zamani ingemchukua mchoraji majuma.

Hesabu hizo ni sahihi. Lakini kompyuta ni kama chungu: hupika ulichokitia. Ukiitia jua la ugenini na ukuta wa ugenini, itakupikia uwongo kwa hesabu zilizo sahihi kabisa.

Tuanze na jua. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alisimamisha kijiti uani, akatuamuru tukitazame kivuli chake. Asubuhi kilikuwa kirefu. Kikafupika, kikafupika, mpaka kikasita. Kilipoanza kurefuka tena kwa upande wa pili, hapo adhuhuri imeingia. Na kivuli kilipozidi kile cha adhuhuri kwa urefu sawa na kijiti chenyewe, tukajua alasiri imeingia. Sisi watoto tulidhani twafunzwa sala peke yake. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa tulifunzwa pia kusoma ukuta, kwani kila nguzo ni kijiti na kila nyumba ni kijiti.

Sasa twaa kijiti hicho ukakipeleke London. Mji huo uko digrii 51 na nusu kaskazini ya ikweta. Katika Juni, saa ya adhuhuri, jua la London hufikia kimo chake kikubwa kabisa cha mwaka mzima, kiasi cha digrii 62 kutoka upeo wa macho. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta. Katika Juni hiyo hiyo, jua letu la adhuhuri huwa kwenye kimo chake kidogo kabisa cha mwaka, nacho ni digrii 62 na nusu. Maana yake, pale jua lao linapofika juu kabisa, ndipo letu linapoanzia. Na katika Desemba, jua la adhuhuri la London hutambaa kwenye digrii 15, ilhali letu liko kwenye digrii 70. Mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, jua la Mombasa hupita utosini, na mlingoti uliosimama wima hukosa kivuli.

Kwa hiyo ukiona bango la jengo la Mombasa au la Malindi lenye vivuli virefu, na mwenyewe akakwambia ni mchana wa saa saba, mwulize jua hilo lilipanda ndege gani. Ndivyo ilivyokuwa katika picha ya mtaani kwetu. Kivuli cha mnara wa msikiti kilikuwa kirefu kuushinda mnara wenyewe. Kijana wetu, Mungu amzidishie, hakutubishia. Alifungua kompyuta yake pale pale barazani, akakuta programu imekuja na mji mmoja wa Ulaya, naye hakuugeuza. Jengo lilikuwa letu, jua lilikuwa lao.

Kosa la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Katika nchi za Ulaya jua la adhuhuri halipo kaskazini hata siku moja. Mwaka mzima huwa upande wa kusini. Kwetu sisi jua huhama. Tangu Machi hadi mwanzo wa Oktoba, karibu miezi saba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyosalia huwa kusini. Mabaharia wetu hawana haja ya kitabu kulikumbuka jambo hili. Upepo wa kusi ukiwa umekolea, jua li kaskazini. Kaskazi ikivuma, jua li kusini. Upepo na jua wamepeana migongo. Na asiyejua kaskazini ni wapi, naaingie msikiti wowote wa Mombasa atazame mihrabu, maana Makka kutoka hapa iko kaskazini, hakuna budi wala upinduzi.

Tazameni basi picha ile ilifanya nini. Jengo la ghorofa kumi lina kimo cha kama mita 30. Mwezi wa Juni, saa ya adhuhuri, jengo hilo litatupa kivuli cha mita 15 na nusu kuelekea kusini, na huko kusini ndiko aliko bibi. Mwezi wa Desemba kivuli cha adhuhuri kitaelekea kaskazini, kiasi cha mita 10 na nusu, na huko ni barabarani, hakimdhuru mtu. Uwa wa bibi huanza mita 10 kutoka ukuta wa jengo. Basi tangu siku za mwisho za Aprili hadi katikati ya Agosti, adhuhuri itaukuta uwa ule katika kivuli. Na Juni, uwa mzima. Hiyo ndiyo miezi ya mvua na ya baridi yetu ndogo, ambapo mtu huliwinda jua aanike nguo zake, pilipili zake na ndimu zake za achari. Jua la Ulaya lilikichukua kivuli hicho chote likakificha nyuma ya jengo. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na bibi angalidanganyika vivyo hivyo, na sisi pamoja naye.

Dawa yake haigharimu hata senti. Mchoraji aandike mahali: digrii 4 kusini, digrii 39 na dakika 40 mashariki. Ageuze kaskazini ya mchoro ielekee kaskazini ya kweli. Aandike tarehe na saa. Programu nyingi za kazi hii zina mahali pa kuyatia mambo hayo, na jua litakwenda lenyewe kwenye kituo chake.

Akishaliweka jua mahali pake, bado kuna mambo ya nuru ambayo macho ya pwani huyajua hata kama ulimi hauyasemi. La kwanza ni kingo za kivuli. Jua halina ncha ya sindano. Kwa anayelitazama hapa duniani lina upana wa nusu digrii. Kwa sababu hiyo kivuli cha kitu kilicho karibu hukatwa kama kwa wembe, na cha kitu kilicho mbali hulegea. Kila mita moja ya umbali hulegeza ukingo wa kivuli kwa karibu sentimita moja. Kivuli cha ukingo wa paa kikitua mita 10 mbele, kitakuwa na utusitusi wa sentimita 9 hivi. Picha ambayo vivuli vyake vyote vimekatwa kwa wembe mmoja hulichosha jicho, na mtazamaji hajui ni kwa nini.

La pili, kivuli chetu si cheusi. Simama kichochoroni Mji wa Kale saa tano asubuhi. Jua halikufikii, lakini wasoma gazeti bila taabu, kwa sababu ukuta mweupe wa upande wa pili wakupokelea nuru na kukurudishia. Juu, mbingu yatia ubuluu. Chini, mchanga watia wekundu kidogo. Mwanga huo wa kupokezana ndio waliouhesabu watu wa Cornell mwaka 1984, na ndio uhai wa miji yetu yenye njia nyembamba. Mchoraji akiacha miale irukeruke mara nyingi kabla ya kuizima, kichochoro kitafunguka. Akiizima mapema ili amalize upesi, kichochoro kitakuwa handaki, na baadaye atakuja kutia taa za uwongo ili kuliponya kosa lake.

La tatu ni mbingu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Mbingu ya pwani ni buluu utosini, lakini ikikaribia bahari hupauka kama kanga iliyofuliwa sana. Preetham, Shirley na Smits walitoa hesabu ya mbingu ya mchana mwaka 1999, na ndani yake mna kipimo cha utando wa hewa. Kipimo hicho kipandishwe kidogo, na bahari itakuja karibu.

La nne, wachoraji wengi hupenda saa ya magharibi, taa zimewashwa ndani na mbingu yang'aa kama dhahabu. Ni saa nzuri, sikatai. Lakini karibu na ikweta jua huzama wima, na baada ya dakika ishirini na kitu giza limeshika. Ikiwa jengo lapendeza kwa dakika ishirini tu za siku, mwenye kulinunua ana haki ya kujua saa ishirini na tatu na ushei zilizobaki lina sura gani.

Nije sasa kwenye ngozi ya nyumba. Naiita ngozi kwa sababu ukuta, kama mtu, hujulikana kwa ngozi yake: ulaini, ukwaruzo, makovu na umri. Nenda Ngomeni, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukautazame ukuta wake jua likipanda. Mawe yale ni ya matumbawe. Yana matundu, yana chembe za kombe, na rangi yake mahali ni ya asali na mahali ni ya majivu. Au nenda Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukapitishe kiganja juu ya ukuta uliopakwa chokaa kwa mkono. Utaona haukunyooka. Umetuna hapa, umebonyea pale, na nuru hupanda na kushuka juu yake kama maji ya kukuswi.

Hapa ndipo nuru na ngozi hukutana, na wengi hawapaoni. Jua letu huwa juu, kwa hiyo saa za mchana haliupigi ukuta usoni. Huupapasa kutoka juu kwenda chini. Katika Juni, kwenye ukuta ulioelekea kaskazini, kijiwe kilichotokeza sentimita 1 hutupa kivuli cha karibu sentimita 2 chini yake. Ndiyo sababu ukuta wa matumbawe mchana waonekana umejaa maandishi. Mchoraji akibandika picha bapa ya mawe juu ya uso bapa, jua lake halitapata cha kupapasa. Ni lazima aupe ukuta vimo vya kweli, miinuko na mashimo, na kila jiwe lenye kutokeza litokeze. Baraza ziwe na ukingo uliochakaa kwa kukaliwa. Pembe ya ukuta isiwe kali kama ya sanduku la bati, kwa sababu hakuna fundi aliyepata kuijenga pembe ya namna hiyo kwa chokaa, na pembe iliyolegea kidogo hunasa mstari wa nuru ambao ndio humwambia mtazamaji kuwa hiki ni kitu, kinashikika.

Wengi huchukua ngozi za kuta katika maghala ya picha ya ng'ambo, ambayo yamejaa matofali mekundu ya Ulaya na saruji ya miji ya baridi. Sisi twaweza kujichumia zetu. Atoke mtu na kamera siku ya mawingu, asitoke siku ya jua, kwa sababu picha iliyopigwa juani huja na vivuli vyake, na mchoraji akiitia chini ya jua la kompyuta ukuta utakuwa na majua mawili yagombanayo. Apige kwa kuelekea ukuta sawasawa, aweke rula pembeni ili ukubwa wa jiwe ujulikane. Nimeona picha ambayo tofali moja lilikuwa kubwa kama mlango. Apige eneo pana pia, kwa kuwa kipande kidogo kikirudiwarudiwa jicho hukitambua upesi. Doa lile lile kila baada ya mita mbili lageuka kuwa maua ya kitenge.

Juu ya weupe nina neno maalumu. Mchoraji akiambiwa chokaa hutia nyeupe ya mwisho kabisa. Ukuta wa chokaa, hata ukiwa mpya, haurudishi nuru yote uipokeayo. Akitia weupe wote, ukuta utawaka kama taa, mikunjo yake itazama, na ule mwanga wa kupokezana utafurika mtaa mzima. Aushushe weupe hadi kama asilimia 75 au 80, aache jua lenyewe liupandishe. Vivyo hivyo, lami isiwe nyeusi ya wino, wala mabati yasiwe kioo.

Tena aupe ukuta umri. Pwani hii ina mvua ya masika na chumvi ya mwaka mzima. Chini ya kila mfereji wa paa mna mchirizi mweusi. Chini ya ukuta unyevu hupanda na lipu hubanduka. Msumari hulia kutu. Mwenye kutaka kununua nyumba yafaa aonyeshwe ukuta baada ya masika kumi, kwa kuwa ndio atakaoishi nao. Na miti iwe miti yetu: mwembe, mkwaju, mwarobaini, mnazi uliopindwa na kusi. Waliovaa makoti nao warudishwe kwao kabla hawajafa kwa joto.

Nilipoyasema hayo barazani, kijana wetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mzee, maneno yako ni kweli. Lakini mwenye mali ataka ing'ae. Picha ni kama bi arusi, haletwi mbele ya watu bila kupambwa."

Nikamjibu: "Mpambe mwanangu, mtie hina na wanja na asumini. Lakini akifunuliwa shela, awe ni yule aliyeposwa."

Nakiri kwamba kijana ana hoja. Mchoraji huishi kwa mkono wa mwenye kumlipa, na picha ya kuuza ina ruhusa ya kupendeza. Saa nzuri ichaguliwe, mbingu safi ichaguliwe, pembe nzuri ya kutazamia ichaguliwe. Mambo hayo yote yamo ndani ya ukweli, kwani saa hiyo ipo na mbingu hiyo ipo. Mpaka huvukwa pale jua linapowekwa mahali lisipopita hata siku moja. Leon Battista Alberti, bingwa wa Italia wa karne ya 15, alitofautisha kazi ya mchora picha na kazi ya msanifu wa nyumba: mchora picha hutafuta kina kwa vivuli, na msanifu hutegemea ramani na vipimo. Aliogopa vivuli vya kubuni kwa sababu vyaweza kulaghai. Sisi twaishi katika zama ambazo kivuli chenyewe kimekuwa kipimo, kwa kuwa kompyuta yaweza kukipima hadi sentimita. Hofu ya Alberti tunayo dawa yake, nasi hatuitumii.

Rai yangu basi ni hii. Picha ya kupamba sebule au kitabu cha matangazo iachiwe mwenyewe. Lakini picha yoyote iletwayo mbele ya majirani au mbele ya wakubwa wa mipango kuombewa idhini, iandikwe pembeni mwake mambo manne: kaskazini ni wapi, tarehe gani, saa ngapi, na mtazamaji amesimama wapi. Picha zenyewe zisipungue tatu: adhuhuri ya Juni, adhuhuri ya Desemba, na alasiri. Nyumba za majirani zichorwe kama zilivyo, pamoja na nyua zao na kamba zao za nguo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, yataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala wa taifa. Mtu hawezi kushiriki katika jambo aliloonyeshwa kwa jua la uwongo. Rai yake itakuwa rai juu ya mji mwingine.

Kijana wetu hakuondoka na hasira. Siku tatu baadaye alirudi na picha mpya, tarehe 21 Juni, saa saba kasorobo mchana, kaskazini yake imeelekea kwenye mihrabu. Alikuwa amekwenda mwenyewe siku ya mawingu kuipiga picha lipu ya nyumba ya nyanya yake. Kivuli kilikuwa kimetua juu ya uwa wa bibi, chote, bila kuficha. Na jambo la ajabu, picha ile ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Jengo lilionekana lina uzito, limekaa juu ya ardhi, na mtaa ulikuwa ni mtaa wetu.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu. "Sasa naiona nyumba," akasema. "Na sasa siitaki ghorofa kumi. Wapunguze."

Mwenye kiwanja amepelekewa picha hiyo pamoja na ombi hilo, na mpaka niandikapo maneno haya bado hajatujibu. Huenda akakubali, huenda akakataa. Lakini lolote alitakalo atalitaka huku kivuli kimo mezani, kila mtu akiona. Nami, kwa kuwa mkono uliozoea tungo hauachi mazoea yake, nawaachia wachoraji wetu ubeti mmoja:

Mchoraji shika haki, picha isiwe hadaa,
Jua letu halitaki, kuongezewa mataa,
Kivuli hakifichiki, jua linapozagaa,
Nyumba hujengwa kukaa, haijengwi kusifiwa.